Mombasa siku tatu kutoka Jinja: tuanzie wapi, tusikose nini?

MwekaHazina_Walukuba, Jinja

Habari zenu wote. Tuko watu 14 wa kikundi cha kuweka akiba. Wawili kati yetu wamepita miaka 70, na tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Tunataka siku tatu kamili Mombasa, bila kuhesabu za njiani. Wengi hawajawahi kuona bahari, lakini hatuendi kukaa ufuoni tu. Tunataka Mombasa ya zamani: ngome, Mji wa Kale, bandari ya majahazi, na mahali reli yetu ilipoanzia.

Naomba wanaoijua njia na mji watusaidie. Mwisho wa Agosti ni bora au Desemba? Tupande basi moja kwa moja, au basi mpaka Nairobi halafu treni? Ndaga muntu, kitambulisho chetu cha taifa, inatosha? Siku zipangwe vipi ili wazee wasichoke? Na aliyezoea kuogelea ziwani ajihadhari na nini baharini?

Dereva_Malaba, Tororo

Mweka hazina, anza na karatasi. Vikundi havikwami Mombasa, hukwama mpakani saa nane za usiku kwa sababu ya mtoto mmoja.

Mtu mzima mwenye ndaga muntu yake halisi anaingia Kenya bila pasipoti. Fotokopi haikubaliwi, wala namba ya kitambulisho (NIN) iliyoandikwa kwenye karatasi. Kadi iliyopasuka au iliyofutika picha nayo huleta maneno. Watoto wako hawana kadi, kwa hiyo wawe na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria kutoka uhamiaji. Kianzeni wiki tatu kabla. Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili abebe cheti cha kuzaliwa, barua ya ruhusa yenye sahihi, na nakala ya kitambulisho cha mzazi anayebaki.

Kila mmoja abebe pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo sindano ya kuchomwa juzi haikusaidii.

Busia na Malaba ni mipaka ya kituo kimoja. Ukienda, kutoka Uganda na kuingia Kenya vyote hufanyika kwenye jengo la upande wa Kenya. Ukirudi, ni upande wa Uganda. Madirisha ni mawili yanayofuatana, na kosa la kawaida ni mtu mwenye usingizi kufuata mstari mmoja tu na kurudi ndani ya basi. Hapo hakuna anayemshtua. Shida humpata siku ya kurudi, afisa anapokosa rekodi ya kuingia kwake. Chagueni mtu mmoja asimame baada ya dirisha la pili na kuhesabu vichwa 14 kabla ya dereva kuwasha injini. Ukipewa karatasi yoyote, ikunje ndani ya kadi yako, usiitupe.

Jambo la tatu ni kaveera. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na mpakani huikagua. Chapati, ndizi na nguo chafu zihamie kwenye mifuko ya kitambaa kabla ya Busia.

Sasa njia. Basi la moja kwa moja Kampala–Mombasa lipo, lakini ni zaidi ya kilomita 1,100, na kwa mtu wa miaka 70 magoti hayatakubali. Pandeni basi la jioni mpaka Nairobi, mtafika asubuhi, halafu treni ya SGR, reli mpya ya Kenya, kutoka kituo cha Syokimau. Kuna treni tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na saa nne usiku. Ya asubuhi msiikatie tiketi siku mnayofika, maana foleni moja ya malori karibu na Nakuru inaweza kula saa tatu zenu na tiketi ikapotea. Ya usiku inawatupa Miritini, kituo cha Mombasa, alfajiri, mkiwa na wazee na mizigo. Chukueni ya saa tisa alasiri. Safari ni kama saa tano, na Miritini kuna matatu na tuktuk za kuingia kisiwani, lakini kwa watu 14 agizeni matatu nzima kupitia mahali mtakapolala.

Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka mwisho hadi mwisho ni shilingi 1,500 za Kenya, na daraja la kwanza ni 4,500. Kwa pesa yetu 1,500 inapita 40,000. Jina na namba kwenye tiketi vifanane na kitambulisho. Fikeni kituoni saa moja na nusu kabla: mizigo yote hupangwa chini kwa mstari na kunuswa na mbwa, halafu inapita mashine, halafu mashine nyingine. Visu na pombe huachwa langoni, kwa hiyo yule anayebeba kisu cha kumenyea matunda akiache Jinja.

Kuhusu mwezi, Desemba watu wa Nairobi wote wanashuka pwani. Tiketi za treni huisha mapema, vyumba hupanda bei, na Busia kabla ya Krismasi ni foleni tupu. Nendeni mwisho wa Agosti.

Nyumba_ya_Mawe, Kampala

Dereva kamaliza njia, mimi nichukue mji.

Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili, na hili ndilo la kuelewa kabla ya kutazama jiwe lolote. Upande wa mashariki ni Bandari ya Kale: maji yametulia, jahazi linakaa salama, ndiyo maana ngome, misikiti mikongwe na nyumba za wafanyabiashara zote ziko upande huo. Upande wa magharibi ni Kilindini, na jina lenyewe linakuambia, ni penye kilindi. Meli kubwa za chuma zilipokuja zilihitaji kina, basi biashara ikahamia kule na mji wa zamani ukabaki kama ulivyo. Shehena ya Uganda inashukia Kilindini. Historia mnayoitafuta iko upande wa pili.

Siku ya kwanza ni ya Ngome ya Yesu, na muwe langoni saa mbili asubuhi inapofunguliwa. Kufika saa sita ni kosa, kwa sababu ndani ni uwanja wazi wa mawe meupe yanayorudisha joto usoni. Mtu aliyetoka Jinja, kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hajui jasho la pwani mpaka lipofushe macho. Wapeni wazee maji kabla hawajayaomba.

Mwenye ndaga muntu analipa kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho ni nafuu kuliko cha mgeni wa mbali, ila kadi iwe mkononi. Wasiobeba wanatozwa vingine, na mabishano ya dirishani huwachelewesha wote. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya, kwa M-Pesa au kadi ya benki. Noti mkononi isikupe matumaini. Mmoja wenu mwenye pasipoti asajili laini ya Safaricom mkiwa Nairobi, na pesa za kikundi zitumwe humo kutoka MTN au Airtel kabla ya siku hiyo.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali: kichwa kinaelekea baharini, mikono na miguu ni zile kona nne zinazochomoza. Kona hizo hazikuwekwa kwa urembo. Simama kwenye kona moja, utaona ukuta mzima wa jirani kutoka ubavuni, kwa hiyo adui aliyeufikia ukuta alikuwa anapigwa kutoka pande mbili. Waonyesheni watoto hilo kwa kuwasimamisha wawili kwenye kona mbili tofauti, wataelewa haraka kuliko maelezo.

Msipite lango bila kuangalia juu. Kuna maandishi ya Kireno ya Francisco de Seixas de Cabreira, nahodha aliyeshika ngome kuanzia 1635. Yaliwekwa baada ya maasi ya 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hassan alipowageuka Wareno na kuitwaa ngome. Halafu nendeni kwenye jumba la makumbusho lililo ndani. Tafuteni vitu vya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyokuja kuokoa ngome na kuzama hapo hapo mbele yake 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Mzingiro wenyewe, wa Waomani dhidi ya Wareno, ulianza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na Waomani walipoingia waliwakuta wachache sana.

Pale penye michoro ya ukutani kaeni. Ni picha za merikebu na watu, zilizochorwa na askari au mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Si kazi ya wachoraji wa mfalme. Ni mtu aliyechoka kukaa ndani anachora chombo ambacho pengine kingemrudisha kwao, na kamba za matanga kazihesabu moja moja. Kwangu hicho ndicho kitu cha thamani kuliko mizinga yote ya uwanjani, na wageni wengi hukipita kwa sekunde kumi. Malizieni kwa Nyumba ya Waomani kwenye kona ya San Felipe, halafu ukuta unaotazama bahari. Waonyesheni watoto pia mifupa ya nyangumi. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza, na 1960 ikawa makumbusho. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Kiongozi mchukueni ndani, mwenye kitambulisho, na mkubaliane bei ya kikundi kizima kabla ya hatua ya kwanza. Ukisikia bei bila neno "wote", jua ni ya kila kichwa. Saa mbili na nusu zinatosha.

Mji wa Kale wekeni siku ya pili, tena asubuhi. Anzeni mbele ya ngome, fuateni barabara ya Mbarak Ali Hinawy kuelekea kaskazini. Mtakuta Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa 1570, wenye mnara mweupe unaochongoka kama koni, tofauti na minara mliyoizoea. Unatumika kwa sala mpaka leo, kwa hiyo utazameni kutoka nje na msizuie mlango. Mbele zaidi mnatokea uwanja wa zamani wa serikali, na hapo ndipo Bandari ya Kale. Majahazi na mashua bado hupakia hapo, ingawa si kwa wingi wa zamani. Kamera isitoke mfukoni kabla ya kumwuliza askari wa langoni. Jirani ipo Leven House na ngazi zake zinazoshuka majini. Jina ni la meli ya kivita ya Waingereza iliyofika 1824, ambayo nahodha wake, William Owen, alitangaza ulinzi wa Waingereza juu ya Mombasa, ukadumu kama miaka miwili tu.

Rudini kwa mtaa wa Ndia Kuu, polepole, mkitazama milango. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili, na katikati kuna mti uliochongwa unaoitwa mfaa. Umeshikamana na ubao mmoja, na ule mwingine unafungwa dhidi yake. Kwa hiyo ubao mmoja hauwezi kufunguka kabla ya mwenzake. Angalieni nakshi ya mfaa na ya fremu ya juu, huko ndiko fundi alikoweka kazi yake. Pembeni ya mlango kuna baraza, kiti cha jiwe kilichojengwa pamoja na nyumba. Ni mahali pa mwenye nyumba na wageni wake, wazee wenu wakitaka kupumzika waombe kwa salamu. Hawatanyimwa.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kumpiga mtu picha bila ruhusa ndiyo njia ya haraka ya kuharibu asubuhi yenu.

Reli_1931, Kampala

Kwa anayeuliza reli: nondo ya kwanza ya Reli ya Uganda iliwekwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896. Ilifika Kisumu 20 Desemba 1901, na Kampala yenyewe haikuguswa na reli ya moja kwa moja kutoka pwani mpaka 1931. Watu husema jina lilikuwa uongo kwa sababu yote iko Kenya. Si kweli. Mwaka 1901 Kisumu ilikuwa bado ndani ya mipaka ya Uganda, na upande huo ulihamishwa 1902. Reli iliishia Uganda ya wakati ule.

Mombasa mtaona jengo la stesheni ya zamani mwisho wa barabara ya Haile Selassie, lakini si kubwa wala halina maonyesho. Cha kuona kiko Nairobi, na ratiba ya Dereva inawapa asubuhi tupu. Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi. Yana injini za mvuke, na behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alivutwa nje na simba pale Kima mwaka 1900. Ingieni saa tatu, tokeni saa tano, halafu Syokimau. Kutoka stesheni ya katikati ya mji kuna treni ndogo inayowapeleka mpaka SGR, na haijui foleni ya Mombasa Road.

Wakati wa kurudi chukueni treni ya asubuhi. Ile ya saa tisa mnayoenda nayo, giza linaingia kabla hamjafika pwani. Ya asubuhi inapita Tsavo mchana kweupe. Kaeni macho kati ya Voi na Mtito Andei. Tembo wa huko ni wekundu kwa sababu wanajirushia udongo wa pale, si aina nyingine.

Mvuvi_Majanji, Busia

Kuhusu maji. Ziwa letu halipwi wala halijai, ndiyo maana watu wetu wakifika Bamburi saa nne asubuhi na kukuta mchanga mtupu mita mia kadhaa wanadhani wamedanganywa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50.

Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni wakati wa bamvua. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Na hii ikaririni: siku za bamvua pwani ile, maji yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi na yamejaa kama saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi, yanakupwa jioni. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi angalieni mwezi wa tarehe zenu. Wakiwa wengi wanataka kuoga jioni baada ya kutembea mjini, siku za bamvua ndizo zenu.

Kwa mashua ya kutazama samaki na matumbawe ni kinyume. Mnataka maji yakupwe, maana matumbawe yanakuwa karibu na jua linafika chini. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na tozo yake inalipwa mbali na mashua. Mwenye mashua anayesema "kila kitu ndani" mwambie akuonyeshe risiti ya KWS. Jaketi za kuokolea zihesabiwe 14 kabla ya kupanda, ya mtoto iwe ya mtoto. Ile ya mtu mzima humvuka kichwani akianguka.

Agosti upepo ni kusi. Nje ya mwamba wa matumbawe bahari ina mawimbi makubwa, lakini mwamba unavunja nguvu yake na ndani mnaoga bila shida. Anayetaka kuvuka mwamba kwa mashua ndogo wakati wa kusi mkatalieni.

Mengine mafupi. Vaeni viatu vya mpira majini, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mawe, na mwiba huvunjika ndani ya nyayo. Buruzeni miguu badala ya kuinyanyua, samaki taa aliyejifukia mchangani atasikia na kuondoka. Maji yakianza kujaa, yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, kwa hiyo aliyetembea mbali kwenye mchanga arudi mara anapoona maji yamegeuka. Na kwenye maji ya chumvi unaelea vizuri kuliko ziwani, jambo linalompa mtu ujasiri usio wake. Msiokote wala kununua kombe na matumbawe, kuyabeba bila kibali ni kosa kisheria.

Mama_Leesu, Bombo

Akina mama wa kikundi watauliza leso, ile tunayoiita leesu, kwa hiyo naandika mapema. Nendeni Biashara Street, kutoka barabara ya Digo. Msiende Jumapili, maduka mengi yamefungwa.

Leso inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Ukitajiwa bei, uliza ni ya doti au ya kipande. Kila kipande kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maandishi ya chini. Someni jina kabla ya rangi, hasa kama ni zawadi kwa mkwe, maana mengine ni mafumbo makali. Shika kona, iinue kwenye mwanga: pamba ina nyuzi zisizo sawa sawa na inakunjamana ukiifinya. Ikiteleza na kurudi bila mkunjo, ina nailoni, na haitafyonza jasho wala kumbeba mtoto mgongoni vizuri. Mafundi wa cherehani walio barazani watawakatia na kupinda ncha mkisubiri. Kabla ya kuivaa iloweke usiku mzima kwenye maji baridi yenye chumvi, peke yake. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi hata mara ya tatu.

Chakula. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, si mkate. Hamri zuri likipasuliwa lina uwazi katikati na harufu ya iliki. Likiwa zito kama mandazi yetu, ondokeni. Viazi karai na bhajia ni za jioni, zikitoka mafutani. Samaki wa kupaka aagizwe mapema, kwa sababu huchomwa kwanza ndipo apakwe nazi nzito na kurudishwa kwenye makaa, anayekuletea baada ya dakika kumi amepasha cha jana. Marikiti, soko la barabara ya Digo, nunueni iliki na pilipili manga nzima, zisizosagwa. Maji ya bomba msinywe, na mahali pengi yana chumvi.

MwekaHazina_Walukuba, Jinja

Asanteni sana, mmenipa kuliko nilivyoomba. Wawili hawa wazee wanatembea lakini si zaidi ya nusu saa bila kukaa. Mji wa Kale watauweza? Na Haller Park na feri ya Likoni vinafaa kwa watoto, au tutakuwa tunakimbizana?

Nyumba_ya_Mawe, Kampala

Watauweza mkigawa. Kutoka ngome mpaka Bandari ya Kale ni kama dakika 15 kwa mwendo wa kijana, kwa mzee nusu saa na vituo viwili. Tuktuk zinaingia kwenye barabara zile, basi moja iwasubiri wazee pale uwanja wa zamani wa serikali na kuwarudisha. Ndani ya ngome shida si umbali, ni ngazi za kupanda ukutani, hazina mahali pa kushika. Wazee wakae Nyumba ya Waomani, wengine wapande.

Haller Park ipo Bamburi, upande wa kaskazini baada ya daraja la Nyali, kwa hiyo ioanisheni na ufuo siku ya tatu. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe. René Haller alianza kupanda miti 1971, na mvinje ndio ulioshika kwenye chumvi ile, majani yake yakatengeneza udongo taratibu. Uzuri wa pale ni kwamba sakafu ya machimbo bado mnaiona chini ya msitu. Kobe aliyeitwa Mzee, aliyefuatana na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, aliishi hapo. Saa za kulisha twiga ulizeni langoni mkifika, watoto watawakumbusha. Njia ni bapa na ina kivuli, wazee hawatalalamika.

Njiani kwenda huko, pale makutano ya Freretown, tazameni mnara mdogo wa kengele kando ya barabara. Freretown ilianzishwa 1875 kuwapokea watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele hiyo ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija. Hamhitaji zaidi ya dakika tano, lakini wazee waelezwe ni nini, wasipite tu.

Feri ya Likoni ipandeni kwa miguu, mtembea kwa miguu halipi. Msiende kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, umati ule utawatenganisha na watoto. Simameni mbali na mlango wa magari, na picha haziruhusiwi. Kwa kuona meli, Mama Ngina Drive ni bora kuliko feri. Kaeni kwenye ukuta chini ya mibuyu kama saa kumi na moja jioni, meli za makontena zinapita mlango wa Kilindini karibu nanyi kiasi cha kusoma jina ubavuni. Hapo pia pana muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na madafu. Fanyeni hivyo jioni ya siku ya kwanza, baada ya ngome na usingizi wa mchana.

Siku ya pili ikiangukia Ijumaa, mmalize Mji wa Kale kabla ya saa sita. Baada ya hapo maduka yanafunga kwa sala mpaka kama saa nane, na barabara zinajaa watu waendao msikitini.

Dereva_Malaba, Tororo

Nyongeza kwa mweka hazina: tiketi za kurudi zikatwe siku moja na za kwenda. Treni ya asubuhi kutoka Mombasa inawafikisha Nairobi mchana, na basi la jioni kuelekea Busia mtalipata bila haraka. Lakini mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Jinja, na mizigo yenu ipakiwe mwisho, karibu na mlango wa buti. Mabasi ya Kampala hupita Jinja alfajiri, na mzigo uliozikwa chini ya wa wenzako unakwenda nao mpaka Kampala.